Tupa, Reli na Pengo la Milimita Moja

Sehemu ngumu kuliko zote kwenye njia ya reli ni pale njia moja inapozaa mbili. Reli iliyonyooka haina siri kubwa: chuma kinalazwa juu ya mataruma, kinafungwa, kazi imekwisha. Lakini treni ikitakiwa kuchagua kati ya kushoto na kulia, reli ya njia moja haina budi kuikata njia ya pili. Na gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, unaoning'inia chini ya usawa wa reli. Ukingo huo ndio unaolizuia gurudumu lisichepuke. Sasa utapitaje, ikiwa mbele yake imelala reli nyingine kwa mshazari? Wahandisi walijibu kwa kuacha pengo. Reli inakatwa, ukingo unapita kwenye uwazi, na kwa kitambo kidogo gurudumu linakosa mahali kamili pa kukanyaga. Karibu kila kipande kingine cha pointi, yaani mgawanyiko huo wa njia, kipo ili gurudumu livuke uwazi huo salama.

Kwenye reli halisi za Uingereza pengo hilo huwa na milimita 44 hivi. Lipunguze mara 76, kama wafanyavyo wajenzi wa reli ndogo za mezani nchini humo, nalo linabaki na milimita 0.6. Hapo ndipo inapoanzia kazi ninayotaka kuieleza leo: kazi ya watu wanaonunua reli tupu, yenye kimo cha milimita 1.9 na kichwa chenye upana usiofika milimita moja, wakaibana kwenye jiliwa na kuichonga kwa tupa mpaka iwe pointi. Maduka yanauza pointi zilizokwisha kutengenezwa, na ni nzuri. Kampuni ya Peco, iliyoanzishwa na Sydney Pritchard mwaka 1946 na yenye kiwanda chake kijijini Beer, Devon, imeziuza kwa miongo mingi na zinafanya kazi bila matata. Anayekataa kuzinunua haongozwi na ubahili. Anachonga kwa sababu pointi ya dukani inabeba kosa la vipimo lenye umri wa karibu miaka mia moja, na kosa hilo haliondoki ila kwa mkono.

Kosa lenyewe lilianza hivi. Mwaka 1922 kampuni ya Bing ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa reli ya kuchezea iliyotosha mezani, yenye njia ya upana wa takriban milimita 16. Wajenzi walipotaka uhalisi, walipiga hesabu: njia halisi ya kimataifa ina milimita 1,435, na ukiipunguza mara 87 unapata milimita 16.5. Hesabu ikakaa sawa, na mpaka leo Bara la Ulaya na Marekani wanajenga kwa kipimo hicho, wanachokiita HO. Tatizo lilikuwa Uingereza. Injini za treni za huko ni ndogo kuliko za Marekani au Ujerumani, kwa sababu mahandaki na madaraja yao yalijengwa mapema na ni membamba. Ukiipunguza injini ya Kiingereza mara 87, mota ya umeme ya miaka ile haikuingia ndani yake. Wakaamua kuikuza injini kidogo, iwe imepunguzwa mara 76 badala ya 87, lakini njia wakaiacha na milimita zake 16.5. Kipimo hicho ndicho OO, na Hornby Dublo ilipoingia sokoni mwaka 1938 ilikiimarisha moja kwa moja.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma uone athari yake. Milimita 16.5 mara 76.2 ni milimita 1,257. Njia ya OO inaiga reli iliyo nyembamba kuliko ya kweli kwa karibu sentimita 18. Mtu akiitazama injini kutoka ubavuni haoni kitu. Akiitazama kutoka mbele, anaona mwili mpana juu ya miguu iliyobanana. Na kwenye pointi ndiko mambo yanakoharibika zaidi, kwa sababu magurudumu ya kuchezea yalikuwa na kingo nene, na kingo nene zinadai mapengo mapana. Kwa hiyo njia imebanwa huku mapengo yamepanuliwa. Mtu aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la stesheni na kuzitazama reli zikipishana chini yake anaijua sura hiyo si ya kweli, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Waingereza waliosumbuliwa na jambo hili walichukua njia mbili. Wa kwanza walipanua njia mpaka milimita 18, baadaye 18.2, na kuiita EM. Mwaka 1955 walikuwa wamekwisha kuunda chama chao. Kundi la pili halikutaka suluhu ya nusunusu. Mwaka 1966 walitangaza vipimo vya Protofour, au P4, vinavyopunguza karibu kila kitu kwa uwiano mmoja: njia ya milimita 18.83, magurudumu membamba, na pengo la takriban milimita 0.7. Na kwa muda mrefu hapakuwa na duka lililouza pointi za vipimo hivyo. Aliyezitaka alizichonga.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, Peter Denny, aliyeanza kuijenga reli yake ya Buckingham baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliijenga kwa milimita 18, kila reli na kila pointi ikitoka mkononi mwake, kwa vifaa vilivyopatikana wakati wa uhaba. Aliiendeleza kwa miongo kadhaa, na baada ya kifo chake imehifadhiwa na bado inaendeshwa. Mwingine ni Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925 akazipenda nyumba za mashambani zilizoezekwa kwa nyasi, akaona zinavyotoweka, akaamua kuzihifadhi kwa udogo. Makumbusho aliyoyaanzisha mwaka 1954, Pendon, yapo kijijini Long Wittenham, Oxfordshire. Watu wengi huenda kuziona nyumba zile, na wana haki, maana bustani zake zimepandwa ua baada ya ua. Mimi ningemshauri mgeni ainame pia azitazame reli zinavyogawanyika.

Sasa tuingie karakanani, kwa maana huko ndiko kwenye utamu.

Reli, ikikatwa kwa upana wake, inaonyesha sehemu tatu: kichwa juu, kiuno chembamba katikati, na mguu chini. Ile ya zamani ya Kiingereza ina kichwa na mguu vinavyokaribiana kwa umbo, na husimama ndani ya vishikizo vya chuma vilivyofungwa kwenye mataruma. Reli ya Marekani, na ya sehemu kubwa ya dunia, ina mguu bapa unaokaa moja kwa moja juu ya taruma na kupigiliwa misumari. Tofauti hii imezaa mikono miwili ya ufundi. Mmarekani anayetandaza reli kwa mkono anagonga vijimisumari vidogo kwenye mataruma ya mbao, huku ameshika koleo jembamba. Mwingereza analehemu reli yake juu ya vipande vyenye ngozi ya shaba, au anaipitisha kwenye vishikizo vya plastiki, au anafuata mtindo wa Joe Brook Smith wa mataruma ya mbao nyembamba yaliyopigwa ribiti, reli ikalehemiwa juu ya vichwa vya ribiti hizo. Lakini kabla ya yote hayo wote wawili wanakutana kwenye tupa.

Kazi ya kwanza ni V, pale reli mbili zinapokutana kwenye ncha. Pembe yake hutajwa kwa uwiano. Moja kwa sita maana yake ukisonga mbele vipimo sita, reli zimeachana kipimo kimoja, na hiyo ni pembe ya nyuzi 9 na nusu hivi. Vipande viwili vya reli huchongwa upande mmoja kila kimoja, kwa nusu ya pembe hiyo, kisha nyuso zilizochongwa zinagusanishwa na kulehemiwa. Inasikika rahisi. Jaribu kuikamata reli yenye kichwa cha milimita 0.9 na kuisukumia tupa kwa nyuzi 4 na robo tatu bila kifaa cha kuilaza, nawe utaona inavyopinda, inavyoruka, na uso wake unavyotoka na mgongo badala ya kunyooka. Ndiyo maana mafundi hukata mfereji wa mshazari kwenye kipande cha mbao ngumu au cha chuma, wakailaza reli ndani yake, na kuacha tu kile kinachotakiwa kuondoka kikitokeza juu. Tupa inapitishwa mpaka iguse mbao. Hapo simama.

Tupa hukata inaposukumwa mbele. Kurudi nyuma iinuliwe, la sivyo meno yanakufa. Reli nyingi za namna hii ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, metali laini inayopenda kuganda kwenye meno ya tupa na kisha kukwaruza uso uliokwisha kulainishwa. Dawa yake ni chaki: unaipaka tupa chaki ya kawaida ya ubaoni, na chembe za metali zinadondoka badala ya kuganda. Hapa anayetazama hujifunza kusikiliza. Tupa inapokata vizuri hutoa sauti moja iliyo sawa kutoka mwanzo wa msukumo hadi mwisho. Sauti ikipanda na kuwa nyembamba, ama reli imelegea kwenye jiliwa, ama tupa imeinama upande mmoja.

V ikishapoa, ncha yake haiachwi kali. Kwenye reli halisi za Uingereza ncha hiyo hukatwa butu, upana wa milimita 19 hivi, kwa sababu chuma chembamba kuliko hapo kingepondwa na treni ya kwanza. Kwa udogo wa mara 76 hiyo ni robo milimita. Kisha inashushwa kidogo mno chini ya usawa wa reli, ili gurudumu linalokuja lisiigonge bali liifikie polepole. Wengi huridhika na reli mbili zilizochongwa sawasawa. Wale makini zaidi huiga kiwanda: reli moja ndefu inafika mpaka nchani, na ya pili inajibana ubavuni mwake nyuma kidogo, kwenye kijipango kilichochongwa kwa ajili yake. Ukishapaka rangi tofauti hiyo karibu isionekane. Wanaifanya hata hivyo, na mimi nawaelewa, kwa sababu mtu akiichonga ndipo anapojua kwa nini kiwanda kiliamua reli moja ibebe mzigo wote wa ncha badala ya kuugawa.

Kwenye reli kubwa mzigo huo si mchezo. Mwaka 1882 Robert Hadfield wa Sheffield aligundua chuma chenye manganizi nyingi, asilimia 12 hivi, ambacho kadiri kinavyogongwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Makutano mengi ya reli duniani sasa husubiwa kwa chuma hicho katika kipande kimoja. Kila gurudumu linaloruka pengo linaigonga ncha, na ncha inajibu kwa kukomaa.

Kazi ya pili ni ulimi, yaani reli inayosogea na kuamua treni iende wapi. Kila pointi ina ndimi mbili, na ulimi mmoja daima unaibana reli mama, ile isiyosogea, iliyo kando yake. Ncha ya ulimi inatakiwa kuwa nyembamba kiasi kwamba gurudumu linapita kutoka reli mama kuja kwake bila kutambua. Waingereza walikuwa na mikato ya kawaida iliyopewa herufi: A ulichongwa kwa mshazari wa moja kwa 24, B moja kwa 32, C moja kwa 40, D moja kwa 48, kadiri treni ilivyotakiwa kupita kwa kasi zaidi. Ulimi wa B kwa udogo wa OO unachongwa kwa urefu wa milimita 29 hivi, kutoka upana kamili wa kichwa mpaka karibu na sifuri.

Anayeanza huchukua reli na kuichonga upande mmoja tu, ule unaoielekea reli mama, mpaka nchani. Matokeo yake ni mabaya, na sababu iko kwenye umbo la reli. Kiuno kiko katikati. Ukikata kutoka upande mmoja mpaka mwisho, kiuno kinaondoka chote, na kinachobaki nchani ni ukanda wa kichwa kwa juu na ukanda wa mguu kwa chini, katikati hamna kitu. Ulimi wa namna hiyo unajikunja ukiguswa na ukucha.

Njia sahihi inakwenda kinyume na matarajio. Kwanza unachonga upande wa *pili*, ule wa gurudumu, nchani tu, mpaka tupa ifike kwenye kiuno. Unaonekana umeiharibu reli, kwa maana uso uliotakiwa kunyooka sasa umeingia ndani. Kisha unaipinda reli pale mchongo ulipoanzia, pindo dogo ambalo jicho linalitambua tu ukiiweka reli kwenye kioo bapa, mpaka ule uso uliochongwa urudi kwenye mstari mmoja na sehemu iliyobaki. Sasa uso wa gurudumu umenyooka tena, lakini kiuno kimehama, kiko nchani kabisa. Hapo ndipo unapogeuza reli na kuichonga upande wa reli mama, kwa ule mshazari wa moja kwa 32. Ncha inayobaki ni nyembamba, lakini kutoka juu mpaka chini ni metali tupu, na kiuno kinaisimamia. Jambo hili halipo ili kupendezesha. Viwanda vya reli kubwa huipinda na kuichonga reli kwa mantiki ileile, na aliyelifanya mara moja kwa mkono wake hatatazama tena pointi ya stesheni kwa macho yale aliyokuwa nayo.

Reli mama nayo hudai kuguswa. Ikiwa ni ya mguu bapa, mguu wake wa ndani huchongwa ili ulimi upate kulala chini ya kichwa chake. Great Western, kampuni ya reli ya Uingereza, ilipenda njia nyingine: kuipa reli mama kunjo dogo la milimita 9 na nusu hivi, ili ncha ya ulimi ijifiche nyuma yake na isigongwe. Kwa udogo, kunjo hilo ni sehemu ya nane ya milimita. Watu hulitengeneza kwa kuibana reli kwenye jiliwa na kipande cha bati chembamba kila upande, na kukaza mara moja.

Vipande vikiisha, kuviunganisha ni kazi ya vipimio zaidi kuliko macho. Reli mama ya kwanza inalazwa juu ya mchoro uliogandishwa ubaoni, kisha V, halafu reli za mbawa zinazoizunguka, halafu reli mama ya pili, na mwisho ndimi na reli za ulinzi. Hizi za mwisho hukaa kando ya reli za nje, mkabala wa V. Zinashika mgongo wa gurudumu la upande wa pili na kuivuta ekseli nzima, ili gurudumu linalovuka pengo lisiangukie upande usio wake. Umbali kati ya reli ya ulinzi na ncha ya V ndicho kipimo muhimu kuliko vyote kwenye pointi, muhimu hata kuliko upana wa njia wenyewe. Kikiwa kidogo, gurudumu linaigonga ncha.

Kuhusu kipimio, kuna kimoja cha miguu mitatu ambacho nakiona ni werevu mtupu. Kwenye njia iliyopinda, magurudumu yanahitaji nafasi zaidi kidogo. Kipimio hicho kina miguu miwili upande mmoja na mmoja upande mwingine. Ile miwili ikiwekwa kwenye reli ya nje ya pindo, njia inapanuka yenyewe kadiri pindo linavyokuwa kali, bila mtu kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe inafurahisha kwenye OO. Kanuni ni kwamba, ili gurudumu lisidumbukie kwenye V, upana wake usipungue maradufu ya pengo. Magurudumu mengi ya sasa yana upana wa milimita 2.8 hivi, na pengo la kawaida la zamani lilikuwa 1.25, kwa hiyo yanatosha kwa shida. Wachongaji wengine wakafanya jambo la ajabu: badala ya kuipanua njia, waliibana zaidi, kutoka 16.5 mpaka 16.2, pale kwenye pointi tu, namna fundi cherehani anavyobana gauni kiunoni na kuliacha lilivyo kwingine. Njia ikipungua milimita 0.3 huku umbali kutoka reli ya ulinzi hadi V ukiachwa karibu palepale, pengo linashuka mpaka milimita 1. Kwenye V ya moja kwa sita, ule uwazi ambao gurudumu linauvuka unapungua kutoka milimita 7.5 mpaka 6. Gurudumu halidumbukii tena, treni haigongi, na jicho linaona mapengo yanayokaribia ya kweli. Njia ambayo tayari ni nyembamba kupita kiasi inaonekana bora ikibanwa zaidi. Ningeambiwa bila kuonyeshwa hesabu, nisingeamini.

Kulehemu nako kuna utaratibu. V inalehemiwa kwa risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 185 hivi, kisha vipande vingine kwa risasi ya nyuzi 145, ili joto la kazi ya pili lisifungue kazi ya kwanza. Umeme wa injini unapita kwenye reli zenyewe, upande mmoja chanya na wa pili hasi, na kwenye V pande hizo mbili zinakutana, kwa hiyo reli hukatwa kwa msumeno mwembamba kabla na baada yake, na V inapewa swichi yake.

Vifaa vimerahisisha mengi. Mwingereza Martin Wynne aliandika programu ya Templot, inayochora pointi ya pindo lolote na pembe yoyote ili uichapishe na kujenga juu yake. Kampuni ya Fast Tracks ya Canada, iliyoanzishwa na Tim Warris, inauza vifaa vya chuma vyenye mifereji ya kila reli: unaingiza, unachonga mpaka usawa, unalehemu. Wapo wanaodai kwamba anayetumia vifaa hivyo hajachonga kwa mkono. Sikubaliani nao. Tupa inasukumwa na mkono uleule, na mfereji wa chuma unafanya kazi ya ule wa mbao ambao fundi wa zamani alijikatia. Nina pingamizi moja tu, na naliona zito: kifaa kimoja kinatoa pembe moja na pindo moja. Mtu akijenga stesheni nzima kwa kifaa kimoja atakuwa amerudia kwa jasho kile ambacho duka lingempa bila jasho. Reli za stesheni halisi hazifuati umbo moja. Zinapinda kufuata mto, ukuta, kiwanja kilichouzwa kwa bei nafuu mwaka 1850, na kila pointi imekaa pale kwa pindo lake. Mtiririko huo ndio anaoutafuta mchongaji. Reli inaingia kwenye pointi ikiwa imepinda, inapita V ikiwa imepinda, inatoka ikiwa imepinda, na hakuna mahali ambapo jicho linajikwaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuijua kazi hii. Tanzania ina njia tatu za upana tofauti: Reli ya Kati ya zamani ya milimita 1,000, TAZARA ya milimita 1,067, na SGR ya milimita 1,435. Kwa kipimo cha HO, ya SGR inakuwa milimita 16.5, na dukani iko tele. Zile mbili za kwanza zinakuwa milimita 11.5 na 12.3. Njia za dukani za upana wa milimita 12 zinatengenezwa Ulaya, hasa kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi, na zinaangukia katikati: pana kidogo kwa Reli ya Kati, nyembamba kidogo kwa TAZARA. Kwa anayetaka kuona treni ikizunguka, zinatosha kabisa.

Hazitamtosha anayetaka kujenga Kidatu. Huko ndiko reli ya milimita 1,000 inakokutana na ya milimita 1,067, na mizigo huhamishwa kutoka behewa la upande mmoja kwenda la upande mwingine kwa sababu ya tofauti ya milimita 67. Ukizinunua dukani zote mbili za milimita 12, behewa lingeweza kuendelea na safari yake, na Kidatu ingekosa sababu ya kuwapo. Hali ni hiyohiyo kwa anayeitamani Garratt ya daraja la 59, zile injini 34 zilizojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia yetu ya mita moja, tani 252 kila moja, zikapewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Gelai, imesimama kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Magurudumu yake kwa HO yanadai milimita 11.5. Atakayelitaka jambo hili kwa ukamilifu atalazimika kuanza kwa kujichongea vipimio viwili, kimoja cha 11.5 na kingine cha 12.3, ayasogeze magurudumu kwenye ekseli zake, kisha aingie kwenye V ya kwanza, na kwa pindo kali la yadi ya mizigo ningemshauri aanze na moja kwa sita.